Mashine Inayofunikwa Kitambaa

Asilimia thelathini.

Skrini ilikuwa imekwama hapo tangu saa mbili kasoro robo asubuhi: inajisasisha, usiizime. Upande wa pili wa kaunta ya duka la uchapaji la mama mdogo alisimama mzee mmoja, kofia mkononi, bahasha ya kaki kwapani. Saa tatu alitakiwa awe mahakamani na hati yake ya kiapo. Nusu ukurasa tu. Wakili wake alikuwa ameisahihisha kwa kalamu nyekundu jana yake jioni, na masahihisho yenyewe hayakuzidi maneno manne.

Faili lilikuwepo. Lilikuwa ndani ya mashine hiyohiyo inayojisasisha.

"Bado kidogo tu, mzee wangu," nikasema. Ilikuwa mara ya tatu nasema hivyo.

Mama mdogo hakusema kitu. Alinyanyuka, akaenda kwenye meza ya pembeni, akavua kitambaa cha kufuma kilichofunika kompyuta yake ya zamani, akakikunja mara nne na kukiweka juu ya rimu ya karatasi. Akachomeka waya ukutani. Akawasha printa kwanza, akatulia kama anayehesabu, ndipo akawasha kompyuta. Monita ya chogo ikavuma. Maandishi meupe yalipotokea kwenye giza akabonyeza F1 bila hata kuyatazama. Pembeni mwa kioo kulikuwa na kikaratasi kimebandikwa kwa selotepu, wino umefifia kwa jua, sikuwahi kujisumbua kukisoma.

Kilima cha kijani kikatokea, na mawingu yake.

Akaichapa hati yote upya. Saa mbili na dakika thelathini na tano mzee alikuwa ameshika karatasi ya moto, anapapasa mfukoni kutafuta hela. Mashine mpya ilikuwa imefika asilimia hamsini na nne.

Hakunicheka. Angenicheka ningeshasahau. Alirudisha kitambaa mahali pake, akakinyoosha ncha, akaniuliza kama nimekunywa chai.

Hizi ni wiki saba sasa, na bado jambo lile linanikaa kooni.

## Swali ninaloulizwa kila siku

Wanaonifahamu wanajua kazi yangu: napiga Windows, naokoa mafaili, natoa virusi vya shotikati kwenye flashi za wanachuo. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft walipofunga msaada wa kawaida wa Windows 10, swali limekuwa moja. "Fundi, hii yangu ndiyo niitupe?" Mashine ni nzima, inawaka, inachapa, ila Windows 11 haiitaki kwa sababu prosesa yake ni ya kizamani au haina ile chipu ya usalama, TPM 2.0. Na kwa sisi ambao kompyuta zetu nyingi ni mtumba wa ofisi za watu, hizo si mashine mbili tatu.

Jibu langu lilikuwa tayari siku zote: mfumo usiopata masasisho ni nyumba isiyo na mlango. Nililitoa kwa kujiamini, mikono kiunoni. Siku hizi nikianza kulitoa namwona mama mdogo anakunja kitambaa.

Mashine yake tuliinunua Kariakoo mwaka 2007, ikiwa imeshatumika. Windows XP, RAM ya megabaiti 512, kibodi ya ile plagi ya mviringo, printa yenye waya mnene wa kufunga kwa skrubu mbili. Intaneti iliiaga zamani, modemu ya mwisho ilipokufa. Imechapa barua za maombi ya kazi za watu ambao leo ni mabosi, ratiba za misiba, kadi za michango ya harusi, na mikataba ya nusu ya viwanja, nikikadiria kwa ushabiki, kati ya Msamvu na Kihonda, hapa Morogoro.

Mashine mpya niliileta mimi. Nilikuwa na sababu nzuri: maombi ya mikopo ya elimu ya juu, maombi ya ajira serikalini, karibu kila kitu sasa kinajazwa mtandaoni, na kivinjari cha XP hakiwezi hata kuzifungua kurasa hizo. Chrome waliacha kuihudumia XP mwaka 2016, Firefox mwaka 2018. Nilidhani ya zamani itakwenda stoo ndani ya mwezi.

Haikwenda.

## Siku mashine mpya zilipolala

Nilipoanza kutafuta ushahidi wa kumtetea mama mdogo, sikuhangaika sana. Upo wa tarehe 19 Julai 2024.

Asubuhi ile kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya Marekani, CrowdStrike, ilituma sasisho lenye faili bovu. Kwa hesabu ya Microsoft, mashine za Windows zipatazo milioni 8.5 zilianguka: viwanja vya ndege, hospitali, mabenki, zote skrini ya bluu. Kampuni iligundua na kuliondoa faili lile ndani ya dakika 78. Lakini mashine iliyokwisha kulimeza ilikuwa haiwezi kuwaka hadi mwisho, na mashine isiyowaka haiwezi kupokea dawa. Mafundi wakaanza kupita meza kwa meza, kuwasha kwa hali ya dharura, kufuta faili kwa mkono, kwenda inayofuata.

Hapo nilijisikia ndugu na watu nisiowajua. Kupita meza kwa meza nakujua.

Na fikiria: kilichoziangusha kilikuwa kinga. Mashine zilianguka kwa kuwa zilitunzwa vizuri, zilipata kila kitu kwa wakati, kama mtoto anayepelekwa kliniki kila mwezi. Siku ile kompyuta ya mama mdogo ilichapa ratiba ya ibada ya mazishi, nakala mia moja na hamsini.

Nilikaa na hoja hiyo kwa siku kadhaa, nikaipenda. Nikaanza hata kuwaambia wateja, "Ya zamani haina mbwembwe." Kisha nikakumbuka Orly.

Tarehe 7 Novemba 2015, uwanja wa ndege wa Orly, Paris, ulisimama kwa muda ukungu ukiwa umetanda. Mfumo uliokuwa unawapa waongoza ndege taarifa za hali ya hewa, ukiitwa DECOR, uliharibika, na ulikuwa unaendeshwa na Windows 3.1, toleo la mwaka 1992. Kwa hiyo mzee naye huanguka, tena siku ya ukungu, siku anayohitajika. Chama cha wafanyakazi kilisema waliobaki Paris wenye kuweza kuushughulikia mfumo ule walikuwa watatu, na mmoja wao anakaribia kustaafu.

Hao watatu sikuwatilia maanani nilipoisoma habari hiyo. Ningepaswa.

## Tunakumbuka XP ipi?

Watu wa umri wangu wakikutana, XP inasifiwa kama marehemu. Haikuwa na neno. Haikuwa ikistaki. Siku hizo kompyuta zilikuwa kompyuta.

Jamani.

Mimi nilikuwepo kwenye kafe ya intaneti Agosti 2003, wakati wa virusi vya Blaster. Unafungua barua pepe yako, umeshalipia nusu saa, kinatokea kidirisha: kompyuta hii itajizima baada ya sekunde 60. Na inahesabu kweli, 59, 58. Jamaa wa kafe alikuwa anakimbia kutoka kiti hadi kiti kuandika amri ya kusitisha, shutdown -a, huku wateja wanagombana naye kuhusu dakika zao. Dawa ilikuwa imetolewa mwezi mmoja nyuma, ila nani aliipakua kwa intaneti ile ya simu ya mezani?

XP iliingia sokoni tarehe 25 Oktoba 2001. Ukuta wake wa moto, ile kinga ya kuzuia wavamizi wa mtandaoni, haukuwa umewashwa tangu kiwandani mpaka furushi la pili la marekebisho lilipotoka Agosti 2004. La tatu lilikuja 2008. Tunayoikumbuka, ile isiyo na neno, ni XP iliyokwisha kutibiwa miaka sita na zaidi, na iliendelea kutibiwa hadi tarehe 8 Aprili 2014. Tulimjua mtu akiwa na miaka arobaini, ametulia, tukasahau alivyokuwa kijana.

Kwa haki yake, lakini, ilistahili sehemu ya sifa hizo, na sababu naifahamu kwa vidole vyangu.

Kabla yake majumbani kulikuwa na Windows 95 na 98. Ndani ya hizo programu moja ikikosea iliweza kuvuruga kumbukumbu iliyotumiwa na mfumo wenyewe, na mashine nzima ikaganda kwa kosa la mchezo wa karata. Bill Gates mwenyewe yalimkuta jukwaani Chicago, tarehe 20 Aprili 1998: msaidizi wake akachomeka skana kuonyesha uzuri wa Windows 98, na skrini ikawa ya bluu mbele ya ukumbi mzima. Tena 95 na 98 zilikuwa na hitilafu moja ninayoipenda kuisimulia. Zilihesabu muda tangu kuwashwa kwa milisekunde, kwenye kihesabio kinachojaa kikifika 4,294,967,296. Hiyo ni siku 49.7. Kikijaa, mashine inaweza kuganda. Kasoro hiyo ilikuja kugunduliwa miaka kadhaa baada ya 95 kutoka, na nadhani mnajua kwa nini: nani alikuwa na Windows 95 iliyokaa siku 49 bila kuanguka kwa jambo jingine?

XP ilijengwa juu ya msingi mwingine, NT, kazi iliyoanza mwaka 1988 chini ya Dave Cutler kwa ajili ya mashine za maofisini. Kila programu ilipewa chumba chake. Na kwa sisi wa mgao wa umeme kulikuwa na jambo kubwa zaidi: NTFS, namna ya kupanga mafaili inayoandika kwanza kwenye daftari lake inachotaka kubadili, ndipo ibadili. Umeme ukikatika katikati, ikiwaka inasoma daftari na kurekebisha mpangilio wake. Kwenye 98, umeme ukikatika uliporudi ulikaa ukitazama ile skrini ya kukagua diski, asilimia kwa asilimia, ukiomba barua yako iwe salama. Mara nyingine ulipewa vipande vya faili vyenye majina ya namba tu, ujitafutie.

Basi ninapomsikia mtu anasema XP ilikuwa ngumu, ninajua anachokumbuka. Anakumbuka LUKU imeisha katikati ya kazi, na kazi ikabaki.

## Nyumba isiyo na mlango

Hoja yangu ya mlango je?

Mei 2017, virusi vya WannaCry vilipoikumba dunia na kuzikwamisha hospitali za Uingereza, kila mtu alinyooshea XP kidole. Microsoft walitoa hata dawa ya dharura kwa XP, miaka mitatu baada ya kuizika. Hesabu zilipopigwa, wengi wa walioumia walikuwa na Windows 7, ambayo dawa yake ilikuwepo tangu Machi ya mwaka huohuo. Watafiti walioijaribu XP maabara waliona mara nyingi shambulio la mtandaoni likiiangusha na skrini ya bluu badala ya kuiteka. Iliponea kwa ubovu wake.

Mashine ya mama mdogo haina mtandao, kwa hiyo mlango wake ni flashi peke yake. Na hapo nilishaweka zuio miaka mingi: inatumia flashi moja, nyekundu, ambayo haitoki dukani. Flashi ya mteja inaingia kwenye mashine mpya, inasafishwa, faili linahamia kwenye nyekundu. Tunasahau wakati mwingine. Sijasema ni mfumo mzuri.

Kafe za zamani zilikuwa na ujanja bora: Deep Freeze. Chochote utakachofanya, upakue virusi, ubadili picha ya ukutani, ukizima na kuwasha kompyuta inarudi ilivyokuwa siku ilipogandishwa. Inaaminika kwa sababu haikumbuki kitu.

Nilipoandika sentensi hiyo kwenye rasimu ya makala haya, mwezi uliopita, nilidhani nimepata jibu. Mashine ya zamani ni imara kwa kuwa tumeigandisha: hakuna kipya kinachoingia, basi hakuna kipya kinachoharibika. Nikataka kuthibitisha. Windows huweka kumbukumbu za matukio yake, kila kuwaka, kila kuzima, kila programu iliyoanguka, na tarehe zake. Nikamwomba mama mdogo aniachie kiti nusu saa nihesabu imeanguka mara ngapi.

## Kila siku mwaka mpya

Tarehe 1 Januari 2002. Imewashwa.

Tarehe 1 Januari 2002. Programu ya kuandikia imefungwa bila kutarajiwa.

Tarehe 1 Januari 2002. Imewashwa.

Niliteremka hadi chini. Yote ni tarehe hiyohiyo, saa sita na dakika kadhaa usiku. Betri ndogo ya kwenye mazabodi, ile bapa kama sarafu, CR2032, ilikuwa imekufa, na kwa kuwa mama mdogo huchomoa waya ukutani kila jioni, mashine haikuwa na chochote cha kuishikia saa. Ndiyo maana ya F1: mashine inalalamika kila asubuhi kwamba haijui leo ni lini, naye anaiambia endelea tu. Kwake kila siku ni mwaka mpya wa 2002.

Nilicheka peke yangu. Idadi ya kuanguka sikuipata, maana huwezi kugawa kwa siku moja. Nikajiambia nitaleta betri nikipita mjini, nikasahau. Ilikuwa inachapa, haraka ya nini?

## Siku nne za Songea

Wiki iliyofuata mama mdogo alipata msiba Songea, akaondoka alfajiri na basi. Duka likabaki na binti anayemsaidia, msichana mwepesi kuelewa, anayejaza fomu za mtandaoni haraka kuliko mimi. Niliahidi kupitapita.

Siku ya pili walikuja watu wanne kwa mkataba wa mauziano ya kiwanja. Mashine mpya ilikuwa na foleni ya wanachuo. Nakala kifani ya mkataba ipo kwenye ya zamani. Binti akavua kitambaa.

Akawasha kompyuta, halafu printa. Maandishi meupe yakatokea, akasubiri yaondoke. Akasubiri dakika kumi. Aliponipigia akasema, "Kaka, imestaki." Nikamwambia F1. Ikaendelea. Printa haikuitikia, ikabidi azime zote aanze upya, safari hii kwa kubahatisha tu akaanza na printa. Akajaza majina, bei, mipaka ya kiwanja. Akaprinti nakala nne. Wakasaini, mashahidi wakasaini, wakaenda kwa mwenyekiti wa mtaa akagonga muhuri.

Kesho yake mnunuzi alirudi.

Mkataba ulisema umefanyika leo, tarehe 1 Januari 2002. Mnunuzi alizaliwa 1999. Muuzaji, kwa maelezo ya aya ya pili ya mkataba huohuo, alikipata kiwanja mwaka 2011. Mtoto wa miaka miwili kanunua kiwanja kwa mtu ambaye bado hajakipata, na mwenyekiti kagonga muhuri.

Kijana aliona kichekesho. Ila shahidi mmoja alikuwa ameshasafiri, na kuwakusanya upya kulitugharimu nauli na soda za watu wote, na siku nzima ya aibu kwa binti, ambaye hakuwa na kosa. Mwenye kosa nilikuwa mimi. Mwaka 2008 nilizitengeneza zile nakala kifani, na kwa ujanja wa kijana aliyejifunza kitu kipya nikaweka tarehe inayojiandika yenyewe.

Nikampigia mama mdogo.

"Shikamoo mama mdogo. Poleni sana na msiba."

"Marahaba mwanangu, tumeshapoa. Mnaendeleaje hapo? Mmechapa kwenye mashine yangu?"

"Tumechapa."

Kimya kidogo. Nyuma yake kuna wanawake wanaimba.

"Tarehe mmeandika wenyewe?"

Sikujibu.

"Si nimeandika pale kwenye kikaratasi?"

## Kumi na saba

Nilikisoma kwa tochi ya simu, kwa pembeni, ili mkwaruzo wa kalamu uonekane mahali wino ulipopotea. F1. PRINTA KWANZA. TAREHE ANDIKA MWENYEWE. Mistari mingine miwili sikuipata.

Aliporudi nikakaa naye na daftari. Nikamwambia achape kama kawaida, mimi niandike kila anachofanya ambacho mtu mwingine asingekijua. Anahifadhi kila baada ya aya, kidole kinakwenda chenyewe. Herufi "k" anaigonga upande wa kushoto. Tundu la chini la flashi halitumii, linaangusha mashine. Akitaka kuprinti zaidi ya kurasa ishirini anazigawa mara mbili, la sivyo printa inasahau katikati. Feni ikianza kukoroma anapiga kofi dogo ubavuni, mahali maalumu, penye alama ya kalamu. Tarehe inayojitokeza anaifuta na kuandika ya leo, amefanya hivyo kwa miaka asiyoikumbuka, na hakuwahi kunilalamikia kwa kuwa alidhani ndivyo nilivyoitengeneza.

Orodha ilifika kumi na saba. Kumi na saba kwenye mashine ambayo nusu ya makala haya nimeisifu kwamba haina neno.

Nilirudi nyumbani nikafuta rasimu. Mashine mpya huharibika mara chache kuliko ile, hilo silibishi tena. Lakini ikiharibika huja na jambo ambalo mama mdogo hajawahi kuliona, na kabla hajalizoea kitufe kimeshahama, menyu imebadilishwa rangi, kuna kidirisha kinamuuliza kwa Kiingereza kama anataka kuunganisha akaunti. Ubovu wa zamani umetulia. Ameujifunza mmoja mmoja, kama mtu anavyojifunza ngazi mbovu ya nyumba yake, akipanda gizani mguu unaruka wenyewe. Mgeni ndiye anayeanguka.

Nikawafikiria wale watatu wa Paris, na yule aliyekuwa anakaribia kustaafu.

Kwa hiyo wateja wanaoniuliza kama waitupe, siku hizi nawauliza kwanza inafanya kazi gani. Kama ni benki na barua pepe, nawaambia ukweli uleule wa mlango, au nawawekea Linux, mfumo wa bure badala ya Windows, kama watakubali kuzoea. Kama ni ya kuchapa tu, imekaa kona, nauliza nani anaitumia, na akisafiri je. Wengi hunitazama kama nimeanza kuuliza habari za ukoo.

## Betri

Jumamosi nilikwenda na betri mpya. Nilifungua kasha, nikapuliza vumbi la miaka, nikatoa ile ya zamani kwa ncha ya bisibisi. Nilikagua na kapasita, maana mazabodi nyingi za miaka ile zilitengenezwa na kapasita mbovu zinazovimba vichwa. Zake zilikuwa bado bapa, isipokuwa moja ninayoitilia shaka. Nikanakili diski nzima kwenye diski yangu ya nje, gigabaiti arobaini, nikishangaa kwamba miaka yote ile tulikuwa hatuna nakala hata moja.

Nikaweka tarehe. Nikachomoa waya, nikakaa dakika tano, nikachomeka. Haikuuliza F1. Kilima kikaja moja kwa moja, na pale chini kulia saa ilikuwa ya leo.

"Haya, mama mdogo. Sasa inajua tarehe."

Akakaa. Akafungua nakala kifani ya kiapo, na tarehe ikajitokeza yenyewe, sahihi, kama nilivyokusudia mwaka 2008. Akaitazama.

"Na hiyo betri nayo inakaa muda gani?"

"Miaka mitatu. Mitano, ikiwa nzuri."

"Aha."

Akaifuta, akaandika tarehe mwenyewe. Kisha akaniomba kalamu ya wino mzito, akavua kikaratasi taratibu ili selotepu isichane, akaanza kukikoleza.